Vumbi la Mawe na Mkopo wa Grainda

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)

 

Leo sikuja kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa wala kuku. Nataka tuzungumze juu ya grainda, maana vikundi vyetu vinawakopesha vijana pesa za kununua mashine hiyo, na mkopo wenyewe unalipwa haraka. Eldoret ilipewa hati ya jiji Agosti 2024, nyumba zinapanda, na mwenye nyumba anataka kaunta ya granaiti jikoni. Mwingine anataka kaburi la mzee lifunikwe kwa jiwe linalong'aa. Kijana mwenye grainda hakosi kibarua.

Sasa sikieni. Ndani ya granaiti mna madini yanayoitwa silika, karibu theluthi moja ya jiwe. Jiwe likikaa kimya halina neno. Kanda unga wa chapati juu yake miaka yote. Shida ni linapokatwa likiwa kavu. Lile vumbi jeupe kwenye nyusi za fundi, mnalomchekea kuwa amezeeka kwa siku moja, si hilo lenye hatari kubwa. Hatari iko katika chembe msizoziona, ndogo zaidi ya mara kumi kuliko unene wa unywele. Hizo zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kukaa huko. Mwili unapigana nazo, mapafu yanafanya makovu, na yakijaa makovu yanakuwa magumu kama ngozi iliyoanikwa juani. Hayatanuki. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na hata mtu akiacha kazi makovu yanaweza kuendelea.

Mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi kuonekana. Ndiyo maana fundi atakuambia, "Nimekata mawe miaka mitano na sijaumwa hata homa." Ni kweli. Lakini vumbi likiwa jingi sana, miaka hiyo inapungua. Kuna mawe ya viwandani, yanayotengenezwa kwa unga wa kwatsi na gundi, ambayo yanaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90. Huko Australia vijana wa miaka thelathini walianza kuishiwa pumzi kwa kuyakata, hata serikali ikayapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Nchi tajiri yenye wakaguzi ilishindwa kuyadhibiti. Sisi je, tunaokatia mawe chini ya mabati, mlango umefungwa mvua isiingie?

Mtaniuliza juu ya mawe yetu ya kujengea. Mawe ya volkano ya hapa Uasin Gishu hayana silika ya namna hiyo kwa wingi. Lakini ukishuka Maragoli, ambako akina mama wanaponda kokoto kwa nyundo, hapo ni granaiti. Na mawe ya dhahabu ya Kakamega yana kwatsi ndani yake. Anayeyasaga makavu yuko hatarini vile vile. Wenye jamaa huko wapelekeeni habari.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Silikosisi inafanana na TB: kikohozi, kukonda, pumzi kuisha. Tena mwenye silika mapafuni anapata TB kwa urahisi kuliko wengine, na akiwa na virusi vya UKIMWI ni zaidi. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na yote mawili. Anapewa dawa za TB, ambazo ni za bure katika hospitali za serikali, na azimeze zote. TB inapona, lakini pumzi hairudi. Majirani wanaanza kunong'ona: hakumeza dawa, amerogwa, ana ule mwingine. Mke anauza ng'ombe. Na hakuna aliyemwambia daktari kazi ya mtu huyu! Basi ukimpeleka fundi wako zahanati, au Hospitali ya Rufaa ya Moi, sema kabla hujaulizwa: "Anakata mawe, na ameyakata miaka kadhaa." Neno hilo linamfanya daktari aitazame picha ya kifua kwa jicho lingine.

Walioajiriwa wana sheria. Zile mbili za Kenya za mwaka 2007, ya usalama na afya kazini na ya fidia, zinamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi na vumbi na awe na bima. Ugonjwa unaotokana na kazi unahesabiwa, si ajali peke yake. Ila kibarua asiye na barua ataambiwa hajulikani. Aandike katika daftari karakana gani na tangu lini, na ujumbe wa M-Pesa aliolipwa nao asiufute. Lakini kijana wetu wa mkopo amejiajiri. Hana wa kumdai.

Kinga ni nini? Kitambaa puani, au zile barakoa za bluu za wakati wa korona, hazitoshi. N95 inasaidia ikibana uso vizuri, na ndevu zinaiharibu. Kinga ya kwanza ni maji: jiwe likikatwa huku likimwagiwa maji, sehemu kubwa ya vumbi inageuka tope. Lakini jamani, msiende kumwagia maji grainda ya kawaida ya umeme kwa chupa ya soda! Umeme utaua leo kabla silika haijaua kesho. Kuna msumeno wa meza uliotengenezwa pamoja na bomba lake la maji, na kuna mashine za kung'arishia zinazoendeshwa kwa hewa. Ni ghali, kijana peke yake hawezi. Lakini kikundi kinachoweza kukopesha grainda tano kinaweza kuanza kuweka akiba ya msumeno mmoja wa maji, ukae karakana moja, vijana wautumie kwa zamu na kulipia. Tope lizolewe likiwa bichi, maana likikauka ni vumbi tena. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani penye watoto.

Najua mweka hazina mmoja atasema, "Tukiweka masharti, kijana atakopa kwa simu." Akope. Simu haitakuja matangani, na mchango wa jeneza utatoka kwenye sanduku lile lile la kikundi.

Mkutano ujao leteni fomu zenu za mkopo tuongeze mstari mmoja: jiwe litakatiwa wapi, na maji yatatoka wapi. Sasa maswali. Wenye vijana karakanani waanze.