Siku za Mwisho za Safari Yetu ya Bara Hindi

Nimeombwa niwasimulieni habari za safari tuliyoifanya katika Bara Hindi, sisi walimu 13 wa chuo kimoja, pamoja na mzee mmoja aliyekwisha kustaafu kazi ya ualimu. Safari nzima ilikuwa ya siku 16. Nikitaka kueleza yote, muda niliopewa utakwisha kabla hatujatoka mjini Delhi. Kwa hiyo nimechagua siku 6 za mwisho tu, kwa kuwa katika siku hizo ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha walimu, nilipofundishwa.

Yafaa kwanza mmjue huyo mzee. Alikuwa mwalimu wangu nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu. Ndiye aliyetuchorea ramani ya dunia ubaoni kwa chaki, akatuambia kwamba Bara Hindi ni kama embe lililoning'inia juu ya bahari. Sasa umri wake umepita miaka 70, na goti lake la kushoto halimtii tena. Aliposikia kwamba chuo chetu chaandaa safari, alikuja kwangu na akiba yake imefungwa ndani ya leso, akasema, "Mwanangu, nimeifundisha nchi hiyo miaka 30 bila kuiona. Nichukueni." Tukamchukua.

Basi siku ya Alhamisi ilitukuta katika mji wa Agra, ambao toka Delhi ni mwendo wa maili 125 hivi. Watu wengi waendao Agra huendea jambo moja, nalo ni kuiona Taj Mahal. Labda wako kati yenu wadhanio kwamba hilo ni jumba la kifalme. Sivyo; ni kaburi. Mfalme Shah Jahan alikuwa na mke aliyempenda mno, jina lake Mumtaz Mahal. Mwaka 1631 mke huyo alifariki katika mji wa Burhanpur, mbali upande wa kusini, alipokuwa akijifungua mtoto wake wa 14. Mwaka uliofuata mfalme akaanza kumjengea kaburi kando ya mto Yamuna, kwa mawe meupe ya marumaru yaliyoletwa kutoka machimbo ya Makrana. Kazi ile ilichukua miaka ipatayo 20.

Asubuhi ile goti la mzee wetu lilikuwa limevimba, hata hawezi kukanyaga chini. Daktari aliitwa, akamwamuru asishuke kitandani mchana kutwa. Nikamwona mzee ametazama dirishani, asiseme neno. Halafu akanigeukia, akasema, "Nenda, mwanangu, ukawe macho yangu. Jioni utanieleza."

Nikaenda. Msinidhanie kwamba nilikuwa mvivu. Nilizunguka kila mahali nilipoambiwa nizunguke, na kwa simu yangu ya mkononi nikapiga picha 106. Tukarudi jua linakuchwa, nasi tumechoka sana.

Nilipoingia chumbani nilimkuta mzee ameketi kitandani, taa imewashwa, daftari lake liko magotini na kalamu i tayari. Akaniuliza, "Yale maandishi ya Kurani yaliyozunguka mlango mkubwa, herufi za juu na herufi za chini, zipi kubwa?" Sikujua. Akauliza tena, "Ile minara minne ya pembeni, imesimama wima kabisa?" Sikujua. Akauliza mara ya tatu, "Na yale makaburi mawili ndani, lake mume na lake mke, ni lipi lililo katikati?" Nikafungua simu ili nimjibu kwa picha. Wasikilizaji wangu, nilipeleka mbele picha baada ya picha, na kila picha ilikuwa na uso wangu mimi, au nyuso za wenzangu tukicheka, na ile Taj Mahal iko nyuma yetu ndogo kama kikombe cha chai.

Mzee hakunikemea. Alilifunga daftari lake polepole, akasema, "Si neno. Kesho utakwenda tena."

Nikashuka chini kumwuliza karani wa hoteli habari za kesho. Akanijibu, "Kesho ni Ijumaa, bwana. Siku ya Ijumaa Taj Mahal hufungwa, isipokuwa kwa wale wanaokuja kusali katika msikiti wake." Na usiku wa Ijumaa ndipo tulipokuwa tuondoke kwa gari la moshi. Nimewahi kuona aibu mbele ya wakaguzi na mbele ya wanafunzi, lakini aibu ya usiku ule ilikuwa ya namna nyingine. Mtu alikuwa ameniazima macho yangu siku moja tu, nami nikamrudishia vipofu.

Siku ya Ijumaa wenzetu walikwenda kutazama ngome kubwa ya mawe mekundu, kisha wakaenda madukani. Mimi niliomba ruhusa kwa kiongozi wetu. Uvimbe wa goti ulikuwa umepungua, basi alfajiri nikampakia mzee katika bajaji, tukavuka daraja la Yamuna hata ng'ambo, mahali paitwapo Mehtab Bagh, yaani Bustani ya Mbalamwezi. Bustani hiyo inaelekeana na Taj Mahal, na mto unapita katikati. Tukakaa chini ya mti, mzee akaniambia, "Weka simu yako mfukoni. Shika daftari. Kila nusu saa uandike rangi unayoiona."

Nikaandika. Kulipopambazuka, kaburi lile lilikuwa la rangi ya majivu, kama moshi uliosimama. Jua lilipochomoza likawa na wekundu mwepesi kama wa ndani ya kombe la pwani. Baada ya saa moja likawa rangi ya maziwa, na jua lilipopanda juu likawa jeupe hata macho yakauma. Mimi niliyekuwa nimesimama miguuni pake jana nilikuwa sijaona hata moja ya rangi hizi.

Ndipo mzee aliponieleza yale aliyoniuliza. Herufi za mlangoni huzidi kuwa kubwa kadiri zinavyopanda, ili mtu asimamaye chini azione zote sawasawa. Minara imeinamishwa kidogo sana kuelekea nje, ili ikianguka kwa tetemeko la nchi isiliangukie kaburi. Na katikati barabara yupo mke. Kaburi la mume limewekwa kando yake baadaye, nalo ni kubwa kuliko la mke. Katika jengo lote ambalo kila kitu kina mwenzi wake upande wa pili, hilo peke yake halina mwenzi. Mambo hayo alikuwa ameyasoma vitabuni. Alichonituma ni kwenda kuyahakikisha.

Akanieleza pia mwisho wa mfalme yule. Mwaka 1658 mwanawe Aurangzeb alimnyang'anya ufalme, akamfungia katika ile ngome nyekundu iliyo juu ya mto. Akakaa humo kifungoni miaka 8 hata alipokufa mwaka 1666, na toka barazani pake aliweza kuliona kwa mbali kaburi la mkewe. "Yeye," akasema mzee, "hakuwa na kazi ila kutazama."

Mtu mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni pale bustanini alituambia kwamba mfalme alitaka kujijengea pale pale tulipoketi kaburi jingine, la marumaru nyeusi. Hadithi hiyo ni tamu, nayo husimuliwa sana. Lakini wataalamu walipochimba pale katika miaka ya 1990 hawakuona misingi ya kaburi. Waliona birika kubwa la maji, na yale mawe yaliyodhaniwa kuwa meusi yalikuwa meupe yaliyoharibika rangi. Jiwe nalo huugua. Hata Taj Mahal yenyewe ilianza kugeuka rangi ya manjano kwa ajili ya moshi na vumbi la mjini, hata mwaka 1996 Mahakama Kuu ya India ikaamuru viwanda vilivyochoma makaa karibu na pale vitumie gesi au vihame. Na mafundi hulisafisha jiwe kwa kulipaka udongo laini, kuuacha ukauke, kisha kuuosha kwa maji.

Usiku ule tukapanda gari la moshi, na Jumamosi tukafika Ahmedabad, mji mkubwa wa Gujarat. Safari hii nilikwenda na daftari. Katikati ya mji, kando ya barabara yenye makelele mengi, uko msikiti mdogo uliojengwa mwaka 1572 na 1573. Aliyeujenga ni Sidi Saiyyed, mtu wa asili ya Uhabeshi aliyewatumikia watawala wa Gujarat. Madirisha yake hayana vioo. Ni mawe yaliyochongwa matundu kama lasi, na katika moja umechongwa mti ambao matawi yake yamesokotana hata jicho haliwezi kufuata tawi moja toka shina hata ncha. Nalijaribu kuuchora mti ule kwa penseli muda wa saa nzima. Mchoro wangu haufai kitu, lakini hata leo nikifumba macho nauona.

Hapo tukaelezwa habari za watu waitwao Masidi, ambao wako Gujarat na sehemu nyingine za India hata leo. Wazee wao walitoka Afrika, wengine wakiwa askari na mabaharia, na wengi wakiwa wamepelekwa utumwani. Lugha ya wale wa Gujarat sasa ni Kigujarati, lakini mchezo wao wa ngoma wauita "goma". Mzee wetu alilirudia neno lile mara mbili kwa sauti ndogo, akaliandika. Halafu akasema, "Waliondolewa kila kitu, nalo neno hili likabaki."

Jumapili tulifika nyumba ya Mahatma Gandhi kando ya mto Sabarmati. Kutoka hapo, tarehe 12 Machi 1930, aliondoka kwa miguu pamoja na wenzake 78 kwenda Dandi, pwani, mwendo wa maili kama 240, ili akaokote chumvi ambayo serikali ya wakati ule ilikuwa ikiitoza kodi. Nyumba yenyewe ni nyepesi, na chumba chake kina vitu vichache kuliko chumba cha mwanafunzi wangu. Mzee aliketi barazani kwa kitambo, akiwa amevua viatu.

Jumatatu na Jumanne tulikuwa Mumbai, mji ambao zamani uliitwa Bombay. Wenzetu walikwenda kununua vitambaa na bangili. Mimi na mzee tukaketi ukutani mwa bahari, karibu na Lango la India. Akanijaribu tena, "Haya, mwanangu, niambie." Safari hii nilijua. Lango lile lilijengwa kwa ukumbusho wa kuwasili kwake Mfalme George wa Tano mwaka 1911, likamalizika mwaka 1924. Na tarehe 28 Februari 1948, baada ya India kupata uhuru wake, kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilipita chini ya lango lile lile, kikapanda merikebu kwenda kwao. Nikamwambia, "Jiwe lake ni la rangi ya asali, na pale penye kivuli ni kama udongo wa kwetu baada ya mvua." Akacheka, akasema, "Hayo hayamo kitabuni."

Mbele yetu ilikuwa ndiyo bahari yetu. Kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kwa pepo za kaskazi kutoka pwani ile mpaka Unguja na Mombasa, na kurudi kwa pepo za kusi. Mzee akanionyesha ukurasa wa daftari lake ambamo tangu siku ya kwanza aliandika kila neno alilolisikia masikioni kama la kwetu: gari, pesa, chapati, laki, rupia. Ile rupia wazee wa Afrika ya Mashariki waliitumia sokoni hata mwaka 1920. Usiku tukapanda ndege, na kwa saa 6 hivi tukaivuka njia ambayo jahazi liliivuka kwa majuma.

Sasa mzee yuko kijijini kwake. Jioni watoto humjia barazani awasomee katika daftari lile. Nilipokwenda kumwamkia mara ya mwisho aliniambia, "Nimeiona Taj Mahal kwa nyuma, wala silalamiki. Lakini zile herufi za mlangoni bado hazijatazamwa na mtu wa kwetu. Ukijaliwa kurudi, zitazame." Deni hilo ninalo.

Basi nami chuoni nimeanzisha desturi. Mwanafunzi wa ualimu, kabla ya kunifundishia somo lolote la nchi ya mbali, huenda kwanza kukaa nusu saa mbele ya kitu kimoja cha karibu, mti au kisima au nyumba ya jirani, na kuandika anayoyaona. Wengi hunung'unika. Wakirudi, karatasi zao zimejaa. Ninyi pia mnaonisikiliza, jaribuni kesho, haihitaji nauli.

Kwaherini, wasikilizaji wangu. Laleni salama.