Maktaba ya Watoto na Kazi za Mikono



Halmashauri imetutuma tuseme machache juu ya jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia barazani mkalitilia shaka, yaani kwamba chama chetu kiwasaidie walimu wa shule za msingi kuwawekea watoto chumba cha vitabu, na humo humo watoto wachore, wafinyange na kusuka. Mzee mmoja alituuliza, "Mtoto amepelekwa shule asome, au achezee udongo?" Swali hilo ni la haki, na twapenda kulijibu kwa heshima.

Tuanze na vitabu. Shule si chache ambamo vitabu vimo kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa mwalimu. Hatumlaumu mwalimu, kwani kitabu kikipotea yeye ndiye aulizwaye. Lakini kitabu kilichofungiwa ni sawa na mbegu iliyobaki chunguni hata mvua za Novemba zikapita.

Waliotutangulia walivipeleka vitabu vilipohitajiwa. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilivituma kwa masanduku. Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ilianza mwaka 1996 kuwabebesha ngamia vitabu huko Garissa ili viwafikie wafugaji. Punda wetu hubeba madebe ya maji kutwa. Sanduku moja la vitabu haliwezi kuwashinda.

Sasa udongo na rangi. Kama kuna watu wasiopaswa kuidharau kazi ya mikono, ndio sisi Wakamba. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Jamaa na majirani walimtazama wakajifunza, na kazi ikaenea hata Nairobi na Mombasa. Ni watoto wangapi waliolipiwa karo kwa patasi na tezo!

Lakini hatusemi kwamba kila mtoto awe mchongaji. Faida iliyo karibu zaidi ni hii: mtoto aliyesoma hadithi ya chui, akiulizwa, huenda akanyamaza kwa haya. Mpe kipande cha mkaa na karatasi. Akichora simba mwenye manyoya shingoni, mwalimu atajua mara moja kwamba neno lile halikueleweka, naye atalirudia. Hali kadhalika kiondo: mama anayesuka huhesabu nyuzi zake bila kukosea, na mtoto akiketi kando yake atajifunza hesabu kwa vidole kabla ya kuikuta ubaoni.

Tena viko vitabu ambavyo hakuna duka liwezalo kutuuzia. Nani ameandika, kwa lugha ya mtoto wa darasa la tatu, jinsi matuta ya milima yetu yalivyochimbwa na vikundi vya mwethya? Nani amemwelezea Muindi Mbingu na safari ya mwaka 1938, watu walipokwenda Nairobi kwa sababu ya ng'ombe wao waliochukuliwa? Habari hizo mnazo ninyi wazee, au mlisimuliwa na wazazi wenu. Mkizisimulia shuleni, watoto wataziandika, watazichorea picha, watazishona kwa uzi wa katani, na kitabu kitawekwa rafuni pamoja na vingine.

Wazazi wamenung'unika, tena kwa sababu, tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini pote mwaka 2019 wakatakiwa kununua vifaa kila mara.

Wengine watasema kwamba Katiba ya mwaka 2010 imeweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti, basi tungoje. Kudai haki yetu kwa kaunti tutadai, na barua imeandikwa. Ila mtoto aliye darasa la pili leo hatangoja. Miaka michache tu, naye amekwisha kutoka.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta hoja moja. Chama kitenge sehemu ya mfuko wake kulipia vitabu vitakavyopotea au kuraruka mikononi mwa watoto, ili mwalimu asidaiwe, na kabati lifunguliwe. Daftari la kuazima litawekwa, nasi tutalikagua kila muhula. Mama walio tayari kufundisha kusuka, na wazee walio tayari kusimulia, wampe Katibu majina yao. Hoja itapigiwa kura leo, baada ya taarifa ya Mweka Hazina.