Sheria Si Jengo

Mwaka 1994 kamati iliyoundwa na Smithsonian, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa ya Marekani, ilitamka wazi kwamba taasisi hiyo iliwapuuza kwa makusudi Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ilichukua miaka 26 hadi sheria ya kuanzisha makumbusho yao kupitishwa, Desemba 2020, tena ikiwa ndani ya muswada mkubwa wa bajeti. Sheria hiyo yataka nusu ya gharama za ujenzi itoke serikalini, nusu kwa wafadhili. Nami nauliza: watu zaidi ya milioni 60, waliovuna mashamba na kupigana vita vya nchi hiyo, wangojee hisani ndipo wakumbukwe? Sheria si jengo. Ahadi ni deni.