Foleni ya Wazee Uingereza

Tarehe 5 Julai 1948 sheria mbili zilianza kutumika Uingereza kwa siku moja. Ya kwanza ilianzisha Huduma ya Afya ya Taifa, na kwayo mgonjwa alipata haki ya kutibiwa bila malipo, awe tajiri au maskini. Ya pili ilizitaka halmashauri ziwape makao wazee wasiojiweza, lakini mzee alipe kadiri ya uwezo wake. Aneurin Bevan, Waziri wa Afya wa wakati ule, aliliona hilo kuwa jambo la heshima: nyumba za mafukara, zilizowatisha watu kwa zaidi ya miaka mia, zingefungwa, na mzee angeishi kama mgeni wa hoteli anayelipia chumba chake. Katika pensheni ya shilingi 26 kwa juma, alitoa 21 akabaki na tano za mfukoni.

Hapana shaka nia ilikuwa njema. Lakini siku ile ile ulijengwa ukuta kati ya mifuko miwili, mmoja wa maradhi na mwingine wa uzee, na chini ya ukuta huo ndipo wazee wa England wanapopanga foleni hadi leo.

Watazamwe wazee wawili majirani. Mmoja ana saratani. Hospitali humtibu bila kumwuliza ana nini benki. Wa pili amepotewa na kumbukumbu, hamtambui mwanawe, hawezi kujivika wala kujilisha. Huyu kwa kawaida huhesabiwa kuwa hahitaji tiba bali matunzo. Akiwa na mali inayozidi pauni 23,250 hulipa gharama yote mwenyewe, na nyumba yake huhesabiwa humo akiwa hana mume au mke anayebaki ndani. Makao yenye wauguzi hutoza mara nyingi zaidi ya pauni 1,000 kwa juma. Kiwango hicho cha 23,250 hakijabadilishwa tangu mwaka 2010, ingawa bei za vitu zimepanda sana. Ndivyo haki ya kusaidiwa inavyopunguzwa mwaka hata mwaka bila Bunge kupiga kura.

Asiye na mali hungoja. Hungoja ofisa aje kuipima hali yake. Hungoja fedha ziidhinishwe. Kisha hungoja chumba, kwa kuwa halmashauri hulipa kidogo kuliko alipavyo mwenye fedha zake, na mwenye makao, ambaye siku hizi aghalabu ni mfanyabiashara, anajua nani wa kumpokea kwanza. Wengine hungojea hospitalini. Mwanzoni mwa mwaka 2023, zaidi ya watu 12,000 walilala kila siku katika vitanda vya hospitali za England ilhali madaktari walikwisha kuona kwamba wanaweza kutoka. Sababu hazikuwa moja, lakini kukosa matunzo ilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Basi mfuko wa maradhi unalipia kitanda kilicho ghali kuliko chumba cha makao. Na huko ndiko kubana matumizi!

Scotland, iliyo ndani ya Uingereza hiyo hiyo, ilichagua njia nyingine. Tangu Julai 2002 wazee wa huko wenye miaka 65 na zaidi hawalipii matunzo ya mwili, ingawa mwenye uwezo bado hulipia chumba na chakula.

England imepewa ahadi. Mwaka 2011 tume ya Andrew Dilnot ilipendekeza mtu asilipie matunzo zaidi ya pauni 35,000 maishani mwake. Sheria ikatungwa mwaka 2014, kikomo kikapangwa kuwa 72,000 kuanzia 2016; kikaahirishwa, kisha kikaachwa. Mwaka 2021 Boris Johnson alitangaza 86,000 kuanzia Oktoba 2023. Ikasogezwa hadi 2025. Julai 2024 serikali mpya ya chama cha Labour ikaufuta mpango wote, ikisema fedha hazipo. Tume nyingine, chini ya Louise Casey, ilianza kazi Aprili 2025, nayo imepewa hadi mwaka 2028 kutoa taarifa yake ya mwisho. Mzee aliyekuwa na miaka 80 Dilnot alipotoa yake, mwaka huo atakuwa na 97.