Pampasi za Kuvaa: Kumbadilisha Mtoto, Kumbadilisha Mtu Mzima

Mada kwa semina ya walezi na wahudumu wa wagonjwa nyumbani



Nimeombwa nizungumzie namna ya kubadilisha pampasi za kuvaa, kwa watoto na kwa watu wazima. Wengi wenu mnaifanya kazi hii kila siku, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza pampasi ni kitu gani. Nitaanzia dukani, maana makosa mengi huanzia huko kabla mlezi hajamfikia mtu wake.

Dukani zipo za aina mbili. Ipo ya kubandika, yenye tepe pembeni, ambayo mtu hulazwa juu yake kisha ikafungwa. Na ipo ya kuvaa, iliyounganishwa pembeni kama chupi na yenye lastiki kiunoni, ambayo wauzaji wengine huiita panti. Ya kubandika ni ya mtu aliyelala: mtoto mchanga, au mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Ya kuvaa ni ya mtu anayeweza kusimama, hata kama ni kwa kushikiliwa, na kuinua mguu mmoja mmoja. Ni nguo ya mtu ambaye bado ana la kufanya wakati wa kubadilishwa. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na mengine yote yanatoka humo. Mlezi akimfanyia mtu huyo kila kitu, akamgeuza na kumvuta kama mzigo, anamnyang'anya zoezi la kusimama ambalo pengine ndilo pekee alilobakiwa nalo kwa siku.

Kinyume chake pia kipo, na ni kibaya zaidi. Familia humnunulia bibi aliyelala kitandani pampasi za kuvaa kwa sababu zinaonekana za heshima kuliko zile za tepe. Kila akibadilishwa inabidi anyanyuliwe kiuno na kuvutwavutwa, na makalio yanasuguana na shuka. Kwa ngozi ya mzee, msuguano huo unatosha kuanzisha kidonda. Mgonjwa wa kitandani anunuliwe za tepe, basi.

Kuhusu saizi nitasema kwa ufupi. Ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, wala umri usikudanganye. Ya mtu mzima hupimwa kwa mzunguko wa kiuno na nyonga, kwa hiyo nenda dukani na kipimo cha utepe wa fundi cherehani. Ikiacha alama za kukata mapajani, ni ndogo. Ikipwaya mapajani, itavuja hata kama ni ya bei kubwa.

Kinachoharibu ngozi

Ndani ya pampasi kuna chembechembe zinazovimba na kuwa kama uji mzito zikikutana na maji. Zinaweza kunyonya maji safi mara mia kadhaa ya uzito wake. Mkojo una chumvi, na chumvi hupunguza sana uwezo huo. Kwa hiyo yale majaribio ya kumimina maji ya bomba kwenye pampasi mpya na kushangaa inavyomeza hayatuambii mengi kuhusu usiku wa mtu mwenye kisukari.

Mkojo peke yake ukikaa kwa muda mfupi hauna madhara makubwa. Tatizo ni mkojo na kinyesi vikikaa pamoja. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni ulinzi. Mkojo ukikaa hutoa amonia, uchachu unapotea, na vimeng'enya vya kinyesi vilivyokuwa na kazi ya kusaga chakula vinapata nafasi ya kuishambulia ngozi yenyewe. Ndiyo maana pampasi yenye choo haingoji. Yenye mkojo mdogo inaweza kungoja kidogo. Yenye choo, hata kama ni saa nane za usiku, inatolewa palepale.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vingi hulipita. Picha za ngozi iliyoungua na pampasi karibu zote ni za watu weupe, na maelezo husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Tazama sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, iliyong'aa isivyo kawaida, au iliyochubuka na kupoteza rangi. Gusa kwa mgongo wa mkono: je, ni ya moto kuliko jirani yake? Muulize mwenyewe kama panawasha au panauma. Ukiona vipele vidogo vilivyotawanyika kuzunguka sehemu iliyoungua, hasa kwenye mikunjo ya mapaja, yaelekea ni fangasi, na mafuta ya kawaida hayataviondoa. Hapo ni zahanati.

Mtoto

Mtoto anayevaa pampasi ya kuvaa ni yule aliyekwisha kataa kulazwa. Ukimlaza anajipindua, ukimshika anapiga kelele. Msimamishe. Mwache ashike kiti, au mabega yako wewe uliyechuchumaa mbele yake, na umpe kitu cha kushika mkononi. Kama ni mkojo tu, ivute chini na umwambie atoe mguu. Kama kuna choo, usiivute hata kidogo, maana utampaka kinyesi mapaja yote mpaka visigino. Chana pembeni, kushoto na kulia, pale ilipounganishwa; imetengenezwa ichanike kwa mkono. Shikilia katikati, ilegeze kutoka mbele kwenda nyuma, na itumie sehemu yake safi kufutia ule uchafu wa kwanza. Kisha mlaze kwenye mkeka umsafishe vizuri. Kwenye mkeka, nasema, kwa sababu meza na vitanda virefu vimeshaangusha watoto wengi mno.

Mtoto wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara, bila kurudisha kitambaa. Wa kiume ambaye hajatahiriwa asivutwe govi. Safisha kwa nje tu. Unapomvika mpya, uume uelekee chini. Wengi wanaolalamika kwamba pampasi inavuja kwa juu, kwenye tumbo, tatizo lao ni hilo tu. Baada ya kuivuta juu, pitisha kidole kuzunguka kila paja utoe nje vile vikunjo vya pembeni. Vikibaki vimejikunja kwa ndani, mkojo utapita hapo.

Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini yanatosha. Sabuni kali kila mara huondoa ule uchachu niliousema. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Mafuta ya mgando au krimu ya zinki ipakwe kwa utando mwembamba. Ukipaka kwa wingi yanahamia kwenye pampasi, na pampasi yenye mafuta hainyonyi. Poda tuiache, vumbi lake huingia kwenye mapafu ya mtoto.

Pampasi za kuvaa huuzwa kwa maelezo kwamba zinamfundisha mtoto kwenda chooni. Hazimfundishi. Anayefundisha ni mtu. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Afrika Mashariki. Waliwakuta akina mama wanaanza na mtoto wa wiki chache tu: mama anakaa chini, ananyoosha miguu, anamweka mtoto katikati akitazama mbele, na kumtolea sauti ya kumkojoza. Watoto hao walikuwa wakikaa wakavu mchana na usiku kufikia mwezi wa tano au wa sita. Ni kweli kwamba mama wa mjini anayetoka alfajiri kwenda kazini hana nafasi hiyo, na dada wa kazi aliyeachiwa watoto watatu hana pia. Sisemi turudi huko kwa mkupuo. Nasema kwamba pakiti ya dukani isitudharaulishe yale ambayo bibi zetu waliyaweza bila pakiti. Mtoto akibadilishwa, apelekwe hadi chooni, aone choo chake kinatupwa wapi, aivute mwenyewe pampasi mpya juu. Huko ndiko kufundishwa.

Mtu mzima

Kwa mtu mzima sheria ya kwanza ni kubisha hodi, hata kama mlango ni pazia. Salimia kwanza. Shikamoo haifutwi na ugonjwa. Mwambie unalotaka kufanya, kwa sauti ya chini. Ile tabia ya kuuliza kutoka sebuleni mbele ya wageni, "Babu umeshajikojolea?", iishe leo. Na tusiwaite wazee "mtoto wangu" eti kwa mapenzi.

Andaa kila kitu kabla hujaanza: pampasi mpya, maji, vitambaa, glavu, mfuko wa taka, taulo juu ya kiti. Sakafu iwe kavu. Kiti kiwe na mikono; kama ni kiti cha magurudumu, breki zifungwe. Chukulia mzee aliyepata kiharusi, upande wa kushoto una udhaifu. Anasimama akishika kitu kisichoyumba, wewe ukiwa upande ule dhaifu. Teremsha suruali hadi chini ya magoti, chana pampasi pembeni, itoe kwa nyuma. Msafishe. Sasa mkalishe kwenye taulo; miguu yake imeshaanza kutetemeka na haina haja ya kuteswa zaidi. Akiwa amekaa vua suruali, pitisha pampasi mpya kwenye mguu dhaifu kwanza, kisha wenye nguvu, halafu suruali kwa mpangilio uleule, vyote vifike magotini. Mpe dakika apumzike. Atasimama mara moja tu zaidi, na mavazi yote yatapanda pamoja. Mkono wake mzima uvute upande wake. Ni kazi anayoiweza. Mwanamume asiyetahiriwa asafishwe kwa kurudisha govi nyuma taratibu kama linarudi kwa urahisi, likaushwe, na lazima lirudishwe mahali pake, kwani likiachwa nyuma huvimba na kuzuia damu.

Nani afanye kazi hii? Hapa ndipo familia zetu zinakwama, na wakufunzi wengi hawagusi. Mkwe hawezi kumvua baba mkwe. Binti wa kuzaa naye mara nyingi hawezi, wala baba hataki. Mjukuu, kwa utani uliopo kati yake na babu, mara nyingi anaweza, na babu atacheka naye huku kazi ikifanyika. Muulizeni mgonjwa mwenyewe ni nani yuko tayari kumkubali, badala ya kikao cha familia kumpangia mtu. Ikishindikana kabisa, alipwe mhudumu wa jinsia yake.

Kwa wazee Waislamu kuna uchungu mwingine: wanaacha kuswali wakidhani wana najisi isiyoondoka. Wanazuoni wameeleza zamani kwamba mwenye maradhi ya kutokwa na mkojo mfululizo husafishwa, hujikinga, na hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha huswali. Muulizeni imamu wenu awathibitishie. Mlezi akijua hilo, ratiba ya kubadilisha inajipanga yenyewe kwa adhana.

Jambo jingine ni maji. Wazee hujinyima maji ili wasilowe, na walezi huwaunga mkono kimyakimya kwa sababu pampasi ni ghali. Mkojo unakuwa mzito na mkali, choo kinakuwa kigumu, na choo kigumu kikikwama husababisha kuvuja zaidi. Ukitaka kuokoa pampasi, mpeleke mzee chooni akiamka, muda mfupi baada ya kula, na kabla ya kulala. Zile zilizolowa zikaanikwa juani ili zivaliwe tena hazina akiba yoyote; zina vijidudu.

Na kabla ya kuzoea kununua, ulizeni sababu. Mtu mzima aliyeanza ghafla kuvuja anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo, kisukari, kuvimba kwa tezi dume, au tatizo la uti wa mgongo. Mwanamke aliyeanza kuvuja mkojo au choo mfululizo baada ya uzazi wa shida, huenda ana fistula, na fistula hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inajulikana kwa kazi hiyo. Kumnunulia pampasi na kumficha ndani ni kumnyima matibabu.

Taka

Choo kitolewe kwanza, kitupwe chooni. Pampasi yenyewe isiingie kwenye choo cha shimo: inavimba, haiozi, inalijaza shimo kabla ya wakati, na siku ya kulinyonya shimo inaziba mpira wa gari. Ikunje kwa ndani, ifunge kwenye gazeti, itie ndani ya mfuko wa unga uliokwisha kazi. Tangu 1 Juni 2019 ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania, na wengi bado hawajapata mbadala nyumbani. Gari la taka lisipofika kwenu, chimbeni shimo la taka mbali na kisima na lifunikwe, mbwa wasifukue. Nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.

Ombi langu la mwisho ni la mazoezi ya vitendo. Waandaaji wamenunua pampasi za watu wazima za saizi zote. Kila mshiriki achukue moja jioni hii, aivae usiku, akojoe humo, na akae nayo mpaka saa nzima ipite kabla ya kuivua. Kesho asubuhi tutaanza na maelezo yenu, kabla yangu.