Hadi wa Mwisho Anywe



Wasikilizaji wapendwa, leo tutafakari habari ya Yakobo katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Esau, baada ya kupatana na ndugu yake, alimwalika waongozane njia moja. Yakobo akakataa kwa upole. Alieleza kwamba watoto wake walikuwa wadogo bado, na katika mifugo walikuwamo wenye kunyonyesha. Kuwaharakisha hata siku moja tu kungewaua. Akamwomba Esau atangulie, naye afuate polepole, kwa mwendo wa walio dhaifu.

Habari hiyo niliisoma mara nyingi bila kuielewa. Niliielewa siku nilipopanda farasi.

Kwetu farasi ni wachache, kwa kuwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o umewazuia wasienee mahali pengi. Lakini Lesotho ni nchi ya milima, isiyo na mahali hata pamoja palipo chini ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, na huko farasi ndiye miguu ya watu. Nilipozuru nchi hiyo, tulipanda milima ya Maluti tukiwa wasafiri sita. Nilidhani kila mmoja angemchukua farasi aliye karibu naye. Mwongozaji wetu hakufanya hivyo. Mbele alimweka farasi jike mzee, mwenye mvi usoni, aliyeijua njia. Nyuma yake akamweka kijana wa miaka minne, aliyeshtuka kwa kila jiwe. Lakini kila alipomwona mzee akipita bila hofu, naye alipita. Mwenye haraka alikabidhiwa mpandaji mwenye mkono mtulivu. Mwenye tabia ya kurusha mateke aliwekwa mwisho, asije akamwumiza mwenziwe. Hata hivyo hakuachwa zizini.

Njiani tulifika penye kijito. Farasi wangu alipokwisha kunywa, nilitaka kuendelea. Mwongozaji akanizuia. Alinieleza kwamba farasi ni mnyama wa kundi: akiona wenzake wanaondoka, huinua kichwa na kuwafuata, hata kama bado ana kiu. Kwa hiyo haondoki mtu majini mpaka wa mwisho awe amekunywa.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa parokia yangu ya kwanza. Alikuwa mkatekumeni. Hakujua kusoma, na sala alizishika kwa taabu. Pasaka ilikaribia, nami nilitamani hesabu kubwa ya wabatizwa. Nikaongeza kasi ya mafundisho. Jumapili moja hakuja. Sikumwuliza mtu habari zake. Hesabu yangu ilitimia, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti kuu.

Niliporudi kutoka Lesotho nilimwendea nyumbani kwake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Padre. Karibu.”

Nilimwuliza kwa nini aliacha mafundisho. Akajibu bila kinyongo: “Niliona ninawachelewesha.”

Wapendwa, mzee yule alikuwa na kiu. Ni sisi tulioondoka mtoni.

Katika nchi hiyohiyo ya Lesotho aliishi Mwenyeheri Joseph Gérard, mmisionari Mfaransa aliyefika kwa Wabasotho mwaka 1862. Miaka mingi aliwaendea wagonjwa vijijini akiwa juu ya farasi, hata katika uzee wake, macho yakiwa yamedhoofika. Alifariki mwaka 1914, na Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Wasioweza kumfikia, aliwafikia yeye.

Ndugu makatekista, nanyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, msafara wetu nao ni wa kila umri na kila tabia. Wako wazee waijuao njia: je, tumewapa nafasi ya kutangulia, au tunawangoja wafe ili tuwasifu? Wako vijana wenye hofu: tuwaweke karibu na mtu asiyeogopa. Wako wenye haraka, ambao nguvu zao ni zawadi zikishikwa kwa upole. Yuko na mkali wa maneno, anayewaumiza wenzake. Tumtafutie mahali pake, tusimfungie nje. Zaidi ya hayo, kabla ya kufunga daftari la mafundisho mwaka huu, tuyasome tena majina ya mwanzo. Nani hayupo? Tusiseme upesi kwamba amekosa imani. Huenda alituona tukiondoka.

Mzee yule na mimi tulianza upya, swali moja kila Alhamisi, mlangoni pake. Ilituchukua miaka miwili. Sijapata kubatiza kwa furaha kama siku ile.

Tuombe. Ee Bwana, Mchungaji Mwema, utupe subira ya kusimama penye maji yako, hadi wa mwisho anywe. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Nawatakieni Dominika njema.