Pepo Tunaitaka Sote, Lakini Haki za Watu Tumezibeba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake.



Ndugu zangu na dada zangu, haya ni maneno niliyozungumza na vijana baada ya swala ya Isha. Baadhi yao wakaniomba niyaandike, wayasome tena na wawatumie wenzao. Mimi si sheikh. Ni kijana kama wewe, naokota kutoka kwa masheikh zetu. Nikiteleza, nirekebishe.

Usiku ule nilianza na swali: nani hapa anaitaka Pepo? Mikono yote ikainuka, hata wale wa nyuma waliokuwa kwenye simu. Nikauliza la pili: nani hapa hana haki ya mtu shingoni mwake? Si deni, si kusengenya, si amana. Msikiti ukanyamaza. Mkono wangu pia ulibaki chini, na sababu yake nitakwambia.

Pepo tumeisoma tangu madrasa. Ina milango minane, na mmoja, Rayyan, ni wa wafungaji. Ina Firdaus, daraja ya juu kabisa, na Mtume (S.A.W) ametufundisha tukiomba tuombe hiyo. Yule wa mwisho kabisa kuingia atapewa mfano wa dunia hii na mara kumi yake. Huyo ni wa mwisho! Na juu ya neema zote hizo, waja watamuona Mola wao. Tena hakuna anayeingia kwa amali zake peke yake, hata Mtume mwenyewe alisema hivyo, isipokuwa kwa rehma ya Allah. Kwa hivyo asijione mtu kuwa ameshafika.

Sasa sikiza hii, ndiyo iliyonifanya nizungumze.

Siku moja Mtume (S.A.W) aliwauliza maswahaba wamjua muflis ni nani. Wakamjibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: ni yule asiye na pesa wala mali. Akawaambia sivyo. Muflis wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala zake, saumu zake na zaka zake. Lakini amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya huyu, amempiga yule, amemwaga damu ya mwengine. Basi kila mmoja atakuja kuchukua haki yake, na malipo ni mema yake. Mema yakimalizika na madeni bado yapo, atabebeshwa madhambi ya wale aliowadhulumu, kisha atupwe Motoni. Hadithi hii iko katika Sahih Muslim.

Angalia vizuri. Huyu mtu alikuwa anaswali! Alifunga na akatoa zaka. Yaani ameweka akiba maisha yake yote, halafu siku anayoihitaji anaikuta inagawiwa watu wengine.

Sasa nikwambie yangu. Kuna kijana mwenzetu wa mtaani alianguka na bodaboda, mguu ukavunjika. Tukafanya mchango na namba iliyotumika ilikuwa yangu, kwa sababu watu wananiamini. Zikaingia shilingi 23,400. Lakini mimi nilikuwa na Fuliza, na mnajua Fuliza haibishi hodi. Pesa za kwanza kuingia tu, ikakata 1,850. Nikajiambia, si neno, mwisho wa mwezi nitarudisha. Nikampelekea mamake yule kijana 21,550 na sikusema kitu. Yule mama akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, Allah akulipe Pepo."

Wallahi dua ile ilinichoma. Mama ananiombea Pepo, na pesa ya mwanawe iko kwangu.

Mwisho wa mwezi ukaja, nikapata la kunishughulisha. Mwezi wa pili vilevile. Na katikati hapo nilikuwa nasimama mbele ya watu nikizungumzia uwajibikaji, nikiuliza pesa za umma zimekwenda wapi. Wiki saba. Siku nilipompelekea nilimweleza yote, nikitarajia anifokee. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, ungenambia siku ile ile. Nimekuhalalishia, dunia na akhera." Basi. Wiki saba nilibeba mzigo ambao ungeshuka kwa maneno ya dakika moja.

Ndugu yangu, soma mwanzo wa Suratul Muminun. Allah anawataja watakaoirithi Firdaus. Anaanza na wenye unyenyekevu katika swala na anamaliza na wanaozihifadhi swala zao. Katikati amewaweka wanaojiepusha na upuuzi, wanaotoa zaka, wanaohifadhi tupu zao, na wanaochunga amana zao na ahadi zao. Amana imewekwa palepale na swala. Sisi tumezitenganisha: swala ni ya msikitini, amana tutaona.

Na sisi hapa ni watu wa kudai haki. Tunajua uchungu wa kunyimwa. Wengi wenu mmezungushwa ofisi hii na ile kwa ajili ya kitambulisho, mkaulizwa mababu wa mababu. Wengine mmesimamishwa njiani kwa sababu ya kanzu au jina. Hiyo ni dhuluma, na kuipinga kwa njia ya haki ni ibada. Lakini yule anayepaza sauti ya haki mchana, jioni akarudi nyumbani akamnyima mkewe matumizi, au akamlipa kijana wa kazi nusu ya makubaliano, huyo adai nini mbele ya Allah? Haki ni ile ile. Haibadiliki kwa sababu sasa wewe ndiye umeishika.

Kuna jambo jengine, na nitalisema wazi. Uchungu huu wa kudhulumiwa, wako watu wanaoutafuta. Wanakuja kwa kijana ambaye hana kazi na amechoka kusumbuliwa, wanamwambia kuna njia ya mkato ya Pepo: ua watu, uingie. Kijana wangu, kataa! Mtume (S.A.W) ametuambia kuwa anayemuua asiyekuwa Muislamu aliye katika ahadi ya amani hataisikia harufu ya Pepo, na harufu yake husikika kutoka mwendo wa miaka arubaini. Sembuse kuingia, hata harufu ataikosa. Na Suratul Maida inatufundisha kuwa kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote, na kuiokoa moja ni kama kuwaokoa wote.

Tena mfano tunao hapahapa Kenya. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na watu wenye bunduki karibu na El Wak. Wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Salah Farah. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiwa matibabuni. Hatumtangazii mtu Pepo, hilo ni la Allah peke yake, lakini tunamuombea. Na nakuuliza wewe: kati ya waliokuwa ndani ya basi na wale waliokuwa na bunduki, ni nani waliofuata mafundisho ya Mtume (S.A.W)?

Namalizia na hili. Katika Sahih al-Bukhari tunapata kuwa waumini wakishaokoka na Moto watazuiliwa kwenye daraja baina ya Pepo na Moto. Hapo watalipana dhuluma zilizokuwa baina yao duniani, mpaka watakaswe, ndipo waruhusiwe kuingia. Fikiria: Moto umeshaupita, Pepo iko mbele, na umesimamishwa kwa sababu ya mtu uliyemdhulumu ukasahau. Yeye hakusahau.

Mtume (S.A.W) ametuhimiza tumalizane leo, kabla ya siku ambayo haitakuwa na dinari wala dirham. Kwa hivyo kabla hujalala usiku wa leo, fanya haya.

Chukua simu, andika majina ya unaowadai na wanaokudai. Unaodaiwa, wapigie. Kama huna pesa, mwambie mwenyewe ukweli na mpange, usimzimie simu. Unaomdai naye hali yake ni ngumu, mpe muda, au msamehe kama unaweza.

Uliyemsema vibaya kwenye kikundi cha WhatsApp, msifu kwa wema wake palepale ulipomsema, na umuombee. Uliyemsingizia, rudi useme kuwa ulikosea, na wasomaji wawe walewale.

Mwenye haki akiwa amefariki, tafuta warithi wake. Ukimkosa kabisa, muulize sheikh akuelekeze namna ya kumtolea sadaka.

Na wazazi wako, kama wako hai, nenda kawaombe radhi leo. Usingoje Idd.

Najua ni mazito. Mtume (S.A.W) alishatuambia kuwa Pepo imezungushiwa mambo ambayo nafsi haiyapendi. Kumwambia mtu "nilikula pesa yako, nisamehe" ni moja ya hayo mambo. Mimi nilichukua wiki saba. Wewe usichukue hata moja.

Ya Allah, tusaidie kuzirudisha haki za watu kabla hatujafa, wape subira wanaodhulumiwa, na utukusanye sote, wazee wetu na vijana wetu, katika Firdaus. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.